Je, wajua kwa nini jengo la zege liliwaka kama mwenge?

Moto ulianzia kwenye friji. Ilikuwa usiku wa kuamkia Jumatano, tarehe 14 Juni 2017, katika fleti moja ya ghorofa ya nne ya Grenfell Tower, magharibi mwa London. Simu ya kwanza kwa zimamoto ilipigwa saa 6:54 usiku, na gari la kwanza likafika dakika tano baadaye. Moto wa jikoni ni kazi ya kila siku kwa zimamoto wa London. Wanaingia na mpira wa maji, wanauzima, wanafungua madirisha moshi utoke, wanarudi kituoni.

Safari hii walipoingia jikoni moto ulikuwa umeshatoka kupitia dirishani. Ilipofika saa 7:27 ulikuwa kileleni mwa jengo, mita 67 juu. Watu 72 walikufa, na 18 kati yao walikuwa watoto.

Lakini zege haliwaki. Grenfell ilikuwa jengo la ghorofa 24 lililokamilika mwaka 1974, na kuta, sakafu na dari zake zilikuwa za zege. Zilijengwa hivyo kwa makusudi: kila fleti iwe kama sanduku lililofungwa, ili jirani wa chini akiunguza sufuria, wewe wa juu uendelee kulala. Ndiyo maana ngazi ilikuwa moja tu, nyembamba, na hapakuwa na king'ora cha kuamsha jengo zima. Wakazi waliambiwa kitu kimoja: kama moto hauko kwako, kaa ndani, funga mlango, subiri. Mpango huo una mantiki kabisa, mradi masanduku yabaki masanduku.

Kilichowaka ni nguo ya jengo.

Kanzu ya plastiki

Mwaka 2016 Grenfell ilikuwa imetoka kwenye ukarabati mkubwa uliogharimu takriban pauni milioni 10. Iliwekewa madirisha mapya na mfumo mpya wa kupasha joto, kisha ikavishwa nje. Kwanza zege lilibandikwa vibao vinene vya povu gumu la kutunza joto, kwa sababu London ni mji wa baridi na kupasha nyumba moto ni gharama. Ikaachwa nafasi ya upepo ili unyevu usikae. Mbele kabisa zikafungwa paneli za alumini zinazong'aa. Karatasi za maombi ya ujenzi zilisema wazi kwamba lengo mojawapo lilikuwa kupendezesha jengo kwa wanaolitazama kutoka mitaa ya jirani. Kensington na Chelsea, manispaa yenye jengo hilo, ni miongoni mwa manispaa tajiri kabisa za Uingereza, na Grenfell ilikaliwa na watu wa kipato cha kawaida na cha chini, wengi wao wahamiaji kutoka Morocco, Eritrea, Sudan, Syria na kwingineko.

Paneli za aina hiyo si ngeni huku kwetu. Tazama mabenki, vituo vya mafuta na maghorofa mapya ya Dar es Salaam au Nairobi. Mafundi wengi huziita Alucobond hata kama zimetoka kwa kampuni nyingine. Ni bati mbili nyembamba za alumini, kila moja nusu milimita, na katikati milimita 3 za kitu kingine. Hicho cha katikati ndicho cha kuuliza. Kinaweza kuwa madini yasiyowaka, au mchanganyiko wa madini na plastiki, au plastiki tupu, na ukisimama barabarani huwezi kujua ni kipi.

Grenfell ilifungwa plastiki tupu: polithini, ndugu wa damu wa mfuko wa rambo. Aliyekua Afrika Mashariki kabla ya mifuko ile kupigwa marufuku hahitaji kuelezwa inavyowaka. Inayeyuka, inadondosha matone ya moto yanayovuma yakishuka, na kila tone linapotua panawaka papo hapo. Kilo moja ya polithini inabeba nishati inayokaribiana na kilo moja ya petroli. Mpango wa awali ulikuwa kutumia paneli za zinki. Kubadilisha kuliokoa karibu pauni 300,000.

Moto ule wa jikoni ulipita kwenye plastiki iliyozunguka fremu ya dirisha ukaikuta polithini. Nyuma ya paneli, ile nafasi ya upepo ikageuka dohani: hewa ya moto inapanda na kuvuta nyingine kutoka chini. Vizuizi vilivyopaswa kuikata dohani hiyo kila baada ya ghorofa, vingine vilikuwa vimefungwa vibaya. Na juu kabisa, kwa ajili ya urembo tu, jengo lilikuwa limevalishwa taji la paneli zilezile. Moto ulipofika hapo ulizunguka kama unavyozunguka ukingo wa kofia, ukawa unadondosha plastiki inayowaka upande wa pili, nayo ikawasha kuta kuelekea chini.

Wakati huo watu waliokuwa ndani walikuwa bado wanaambiwa kwa simu wakae, wasubiri. Agizo hilo lilibatilishwa saa 8:47 usiku. Tume ya uchunguzi, chini ya jaji mstaafu Sir Martin Moore-Bick, ilisema katika ripoti yake ya kwanza ya Oktoba 2019 kwamba lilipaswa kubatilishwa kati ya saa 7:30 na 7:50, wakati ngazi bado zilipitika. Wakazi 37 wa jengo hilo walikuwa na ulemavu. Kati yao 15 hawakutoka.

Daraja 0

Hiyo ndiyo fizikia, na kwa kweli ni sehemu rahisi ya hadithi. Swali gumu ni hili: petroli iliyogandishwa iliruhusiwaje kufungwa nje ya nyumba za watu, katika nchi ambayo hata kiti cha sebuleni kina sheria yake ya moto?

Sheria ya ujenzi ya Uingereza yenyewe ilisema kwa ufupi kwamba kuta za nje zizuie ipasavyo moto kusambaa. Tume iliamua kwamba Grenfell haikutimiza hata hilo. Lakini mafundi, wachoraji na wakaguzi hawajengi kwa kusoma sheria. Wanasoma mwongozo wa serikali, na wa moto unaitwa Waraka B. Ndani yake kulikuwa na kipimo cha kienyeji kilichoitwa Daraja 0. Kilipima jinsi uso wa kitu unavyoshika na kusambaza moto. Sasa chukua paneli yetu: uso wake ni nini? Ni alumini. Kipimo kinagusa ngozi, hakifiki kwenye nyama. Kwa hiyo bidhaa iliyojaa polithini iliweza kupata alama ya juu, na mtu mwenye haraka akisoma "Daraja 0" alielewa kwamba kitu hicho hakiungui.

Ingekuwa serikali haikujua, ingebaki kuwa ajali ya lugha. Ilijua.

Mwaka 1991 moto ulipanda nje ya jengo la Knowsley Heights karibu na Liverpool, jengo ambalo nalo lilikuwa limevishwa upya. Juni 1999 ukapanda Garnock Court, katika mji wa Irvine, Scotland, na mtu mmoja akafa. Kamati ya Bunge ikachunguza. Ilishauri kwamba vifuniko vya nje vya maghorofa ama visiwake kabisa, ama vithibitishwe kwa jaribio la ukuta mzima, na ikaongeza kuwa haioni sababu ya kusubiri moto uue watu wengi ndipo hatua zichukuliwe. Scotland, ambayo ina kanuni zake za ujenzi, ilibadilisha kanuni mwaka 2005. England iliongeza jaribio hilo kama njia ya hiari na kuacha Daraja 0 mahali pake. Nchi mbili, uchunguzi mmoja, maiti mmoja, na majibu mawili tofauti. Hapo ndipo mimi huwa nasita mtu anaponiambia kwamba hakuna aliyeweza kujua.

Kuna zaidi. Mwaka 2001 wizara yenyewe inayosimamia Waraka B ililipia majaribio ya aina mbalimbali za vifuniko katika kituo cha utafiti wa majengo. Mojawapo zilikuwa paneli za alumini zenye polithini tupu, za Daraja 0. Ziliwaka kwa ukali wa kutisha. Matokeo yaliwekwa kuwa siri, mwongozo haukukazwa, na umma haukuambiwa. Miaka 16 kabla ya Grenfell jibu la swali letu lilikuwa limeshaandikwa kwenye faili la serikali.

Julai 2009 watu sita, wanawake watatu na watoto watatu, walikufa katika Lakanal House, kusini mwa London. Huko pia watu walikuwa wameambiwa wakae ndani. Hakimu aliyechunguza vifo hivyo, Frances Kirkham, alimwandikia waziri Eric Pickles mwaka 2013 akiomba Waraka B uandikwe upya kwa lugha inayoeleweka, hasa kuhusu kuta za nje. Wizara ikajibu kwamba toleo jipya litatoka kati ya 2016 na 2017. Juni 2017 lilikuwa halijatoka.

Wale wenye ndugu Dubai wanakumbuka mkesha wa mwaka mpya, tarehe 31 Desemba 2015, hoteli ya Address Downtown ikiwaka mbele ya kamera zilizokuja kupiga picha fataki. Mioto ya namna hiyo ilishaanza Ghuba miaka kadhaa kabla. Julai 2014 wataalamu wa kuta za nje walikutana London, ofisa wa wizara anayeshughulikia Waraka B akiwemo, wakaizungumzia na kukubaliana kwamba utolewe ufafanuzi kuhusu paneli hizi. Ufafanuzi haukutolewa.

Kwa nini mkono wa serikali ulikuwa mzito hivyo? Ripoti ya mwisho ya tume, iliyotoka tarehe 4 Septemba 2024 ikiwa na mabuku saba, inaelekeza kidole kwenye mambo mawili. La kwanza ni siasa. Serikali ya David Cameron ilijinadi kuwa itafyeka kanuni. Wizara ikitaka kuleta kanuni yenye gharama kwa wafanyabiashara ilibidi ifute nyingine ya gharama hiyohiyo. Baadaye ikawa mara mbili, na mwaka 2016 mara tatu. Katika hali hiyo ofisa anayependekeza masharti makali kwa wajenzi anaonekana hajui upepo unavuma wapi. Tume ilisema ari hiyo ilitawala wizara kiasi kwamba hata mambo ya uhai wa watu yalipuuzwa au kucheleweshwa. Pickles aliiambia tume kuwa usalama wa majengo haukuguswa na kampeni hiyo. Ripoti ilimkatalia waziwazi, ikisema maofisa wake na nyaraka za wakati ule vinaonyesha vingine.

La pili ni dogo na la aibu zaidi. Waraka B, unaogusa maisha ya mamilioni, kwa sehemu kubwa ulikuwa mikononi mwa ofisa mmoja wa ngazi ya kati, kwa miaka mingi, bila wa juu yake kumfuatilia. Alipohojiwa mwaka 2022 alikiri kwamba angeweza kuuzuia msiba huo, akazidiwa na hisia mbele ya wote. Ni rahisi kumlaumu. Mimi nawafikiria zaidi waliokuwa juu yake, ambao wengi wao walisema hawakuletewa taarifa.

Kutupiana mpira

Viwanda navyo vilijua kutumia mwanya huo. Arconic, iliyotengeneza paneli, ilikuwa tangu mwaka 2005 na matokeo ya majaribio yaliyoonyesha kwamba paneli hizo, zikikunjwa kwa mtindo uliotumika Grenfell, zinawaka vibaya sana. Tume ilisema kampuni ilificha kwa makusudi ukubwa wa hatari hiyo. Celotex, iliyotoa sehemu kubwa ya povu la kutunza joto, mwaka 2014 iliongeza vibao visivyowaka ndani ya ukuta wa jaribio, kisha ikavinyamazia wakati wa kuuza. Kingspan, ambayo povu lake lilitumika kwa kiasi kidogo, iliendelea kujivunia jaribio la 2005 wakati bidhaa ilikuwa imeshabadilishwa. Jaji alitumia maneno mazito, udanganyifu uliopangwa. Arconic inakana kwamba iliuza bidhaa isiyo salama au kwamba ilipotosha mtu.

Ukiuliza nani aliamua kufunga paneli zile, unaingia kwenye pango. Manispaa ilikuwa imekabidhi nyumba zake kwa shirika la usimamizi. Shirika likaajiri mchoraji, Studio E, na mkandarasi, Rydon. Mkandarasi akaajiri mkandarasi mdogo wa kuta, Harley. Kulikuwa na kampuni ya wataalamu wa moto, na mkaguzi wa manispaa. Kila mmoja aliamini, au alisema anaamini, kwamba mwenzake ndiye aliyeangalia. Mwezi Novemba 2022 wakili wa tume, Richard Millett, alimaliza kazi yake kwa kuonyesha mchoro wa nani anamlaumu nani: mishale mingi kiasi cha kufanana na utando wa buibui. Wakazi nao walikuwa wameshaandika. Novemba 2016 kikundi chao kilionya hadharani kwamba pengine janga tu ndilo litakaloufichua uzembe wa mwenye nyumba wao.

Hapo ndipo Daraja 0 inaporudi. Mwongozo wenye utata una faida kwa kila aliye kwenye mnyororo, kwa kuwa ukiulizwa una ukurasa wa kuonyesha. Januari 2023 waziri wa nyumba Michael Gove alikiri kwamba mwongozo wa serikali ulikuwa na kasoro na utata, na kwamba serikali inabeba sehemu ya lawama. Kumpata mtu wa kuibeba ni kazi nyingine: kati ya 2010 na Novemba 2023 Uingereza ilikuwa imepitia mawaziri wadogo wa nyumba 16. Kabla wa leo hajamaliza kusoma mafaili, wa kesho ameshaapishwa.

Baada ya moto, nchi ilianza kufunua nguo za majengo mengine na kukuta polithini, povu, roshani za mbao na vizuizi ambavyo havikuwahi kufungwa. Desemba 2018 vitu vinavyowaka vilipigwa marufuku katika kuta za nje za maghorofa mapya ya makazi yanayozidi mita 18. Majengo yaliyokwisha kuvishwa yakabaki. Kwa mtu aliyenunua fleti kwa mkopo wa miaka 25 matokeo yalikuwa ya ajabu: benki iliandika kwamba fleti yake ina thamani ya sifuri, hawezi kuiuza, na huku analetewa bili ya kubandua paneli ambazo hakuzichagua, pamoja na mshahara wa walinzi wanaozunguka korido usiku kucha wakinusa moshi. Wengine walifilisika. Ilichukua kelele za miaka mitano mpaka sheria ya usalama wa majengo ya 2022 ikawakinga wengi wao, ikasukuma gharama kwa wajenzi na wamiliki, na kuunda mdhibiti mpya.

Serikali iliweka pauni bilioni 5.1 za walipa kodi. Novemba 2024 ofisi ya ukaguzi wa hesabu za taifa ilikadiria kwamba majengo yanayohitaji kurekebishwa ni kati ya 9,000 na 12,000, kwamba hadi asilimia 60 ya hayo yalikuwa bado hayajajulikana hata yako wapi, na kwamba kwa mwendo ule kazi ingefika 2035. Mwezi uliofuata serikali ikatangaza mpango wa kuharakisha.

Msamaha umeombwa. Waziri Mkuu Keir Starmer aliomba radhi bungeni kwa niaba ya dola siku ripoti ilipotoka, na Februari 2025 serikali yake ikayakubali mapendekezo yote 58, tisa kati yake kwa sharti la kuyatazama zaidi. Kiongozi wa manispaa alishajiuzulu majuma mawili baada ya moto. Jela hajaenda mtu kwa ajili ya vifo vile. Waliofungwa ni matapeli waliojifanya waathirika ili walipwe hoteli na posho. Kesi zao zilikwenda haraka, maana ushahidi ulikuwa risiti. Polisi wa London walisema mwaka 2024 kwamba wanachunguza watu 58 na kampuni na taasisi 19, na kwamba walikuwa wameamua kusubiri ripoti ya tume kabla ya kupeleka mafaili kwa waendesha mashtaka.

Jengo lenyewe lilifunikwa kwa turubai jeupe lenye moyo wa kijani juu. Halikuanguka usiku ule, wala miaka iliyofuata. Zege lilisimama, likiwa limeegemezwa nguzo. Septemba 2025 mafundi walianza kulibomoa kwa utaratibu, ghorofa moja baada ya nyingine, wakianzia juu. Kazi hiyo ilikadiriwa kuchukua takriban miaka miwili. Kesi za jinai, kama zitafunguliwa, hazitarajiwi kuanza kusikilizwa kabla ya 2027.